Sehemu ya Saba: Sababu

Fomu inataka saa: nimeandika tisa na dakika kumi, alasiri.
Inataka mahali: ukumbi wa nyuma, penye mteremko
unaoshukia bustanini, nyumba ya wazee, Halifax,
mji ambao hata sakafu zake hupanda na kushuka.
Inataka jina: Bi Winifred Ackroyd, miaka themanini na tisa.
Inataka jeraha. Hapo wamechora mwili wa mtu,
mbele na nyuma, hana uso, hana nguo,
nami natia alama kwa kalamu:
paji, nyonga ya kushoto, kiganja
alichokitanguliza kuizuia sakafu.

Sehemu ya saba ni sababu.
Kisanduku chake ni kidogo kama stempu.

Meneja amesimama mlangoni, koti mkononi.
"Andika alijisukuma mwenyewe. Andika ni ajali."
Anasema kwa upole. Si mtu mbaya;
Januari alivua glavu zake akanipa.
Namkumbuka mama, kule Tukuyu,
mji mwingine wa vilima na mvua,
alivyokuwa akifunga kila msiba kwa maneno matatu:
ajali haina kinga.

Mama, hii ilikuwa nayo.
Ilikuwa na urefu wa kidole changu cha mwisho,
ya chuma, upande wa kulia wa gurudumu,
ikilegea tangu wiki ya Pasaka.

Kitimwendo. Aliyeliunga neno hili
alijua anacheza na nini?
Kiti, pa kutua. Mwendo, kutotua.
Kati ya hayo mawili hakuna hata nafasi ya herufi,
ipo breki tu.

Bi Ackroyd alijua. Miaka ishirini na sita alipeleka barua
kwa baiskeli, kwenye vilima hivi hivi,
mfuko begani, mvua ikimwingia kolani.
"Breki imechoka," aliniambia Jumatatu.
Jumatano akamwambia Declan wa zamu ya usiku.
Ijumaa akamwambia daktari, daktari akatabasamu,
na kwenye faili lake tukaandika, kwa mwandiko mzuri:
bado anazungumzia baiskeli yake.

Tukampima kumbukumbu. Tukamuuliza leo siku gani.
Kiti hatukukiuliza kitu.

Na kuna la kwangu. Vile vibao vya kuwekea miguu
nilivichomoa asubuhi, maana mlango wa choo ni mwembamba
na kengele sita zilikuwa zikilia, nasi tuko wawili.
Nilisema nitavirudisha.
Nikaviegemeza ukutani nyuma ya pazia,
vipo hadi sasa, jozi,
kama viatu vya mgeni ambaye hajaaga.

Alitaka kuona bustani tu. Mtu alimwambia
waridi la kwanza limefumbua.
Hakupiga kelele. Nilisikia kikombe kwanza,
kisha gurudumu likizunguka hewani,
tik, tik, tik,
kama baiskeli inayoshuka bila kukanyagwa.

Naandika: *Alisema mara tatu.*
Kisanduku kimejaa.
Naigeuza karatasi, upande usio na mistari,
naandika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
naandika vibao, pazia, mkono uliovichomoa ni wangu,
Subilaga Mwakibete, jina zima,
wasije wakasema halikusomeka.
Meneja anatazama saa. Anavaa koti mkono mmoja,
mwingine anausahau.

Usiku, hospitali bado haijapiga simu.
Declan anachemsha maji; hanitazami, nami simtazami.
Napita korido nzima na tochi,
wazee wamelala, viti vimekesha kando ya vitanda.
Nainama, nafunga, nasukuma kwa goti.
Chumba cha nne, kinashika.
Cha tano, kinashika.
Cha saba, cha Bwana Hebblethwaite
ambaye hajawahi kulalamika hata siku moja,
nafunga, nasukuma,
kinaondoka.